Kijivu kilichokoza (rangi ya nyumba)

Kijivu kilichokoza ni rangi ya ukutani inayokaribia weusi wa mkaa. Katika Tanga, Pangani na miji mingine ya pwani ya kaskazini mwa Tanzania hupakwa zaidi sebuleni, mara nyingi kwenye ukuta mmoja tu, ule wa televisheni. Jina lina asili ya jivu, ingawa jivu jeusi kiasi hicho halijapata kuonekana mekoni.

Ukuta wa pwani ulizoea chokaa. Matumbawe yalichomwa kwenye tanuri la magogo, chokaa ikazimwa kwa maji, ikachanganywa na mchanga kuwa lipu. Ile laini, niru, ndiyo iliyomalizia juu. Mabaki ya kazi hiyo yapo kwenye msikiti na makaburi ya Tongoni, kusini mwa mji wa Tanga. Chokaa ikishapakwa hunyonya hewa ukaa na kurudi kuwa jiwe, lakini jiwe lenye vinyweleo ambalo unyevu hupita. Weupe nao ulikuwa na kazi: nyumba ya Kiswahili ina ukumbi mrefu katikati na vyumba pande mbili, na mwanga kidogo unaoingia mlangoni husukumwa na kuta mpaka uani.

Simenti, ambayo kiwanda cha Pongwe kimekuwa kikiitoa tangu 1980, pamoja na rangi za maji zenye plastiki, zimebadili ukuta huo. Chumvi haijabadilika. Huja na mchanga wa ufukweni usiooshwa, na upepo wa bahari, na maji yanayopanda kutoka kwenye msingi uliojengwa bila nailoni. Masika yakiisha na ukuta ukianza kukauka, maji hutoka na kuiacha chumvi juu: unga mweupe kama wa muhogo, ukianzia sakafuni na kupanda hadi usawa wa magoti. Kwenye ukuta mweupe hujulikana pale mgeni anapoegemea na kuondoka na shati lenye vumbi. Kwenye kijivu huonekana tangu mlangoni. Kuufuta kwa kitambaa chenye maji ni kuurudisha ndani. Siku ya pili umetoka tena, safari hii umetanda kama wingu. Huondolewa kwa brashi kavu, na rangi hairudiwi mpaka maji yamepatikana yanakotoka.

Lipu mpya huachwa wiki 4 hivi ikauke. Msasa unahitaji subira, kwani taa ya pembeni huonyesha kila bonde lililoachwa. Kosa lililozoeleka ni fundi kumwaga nyeusi kwa kukadiria kwenye ndoo ya lita 20 ya nyeupe: ndoo ikiisha kabla ya kona ya mwisho, ya pili haifanani nayo kamwe. Afadhali rangi iliyochanganywa dukani kwa mashine, na namba yake iandikwe nyuma ya mlango.

Kijivu hiki hupendeza pamoja na mbao za mninga na mkeka wa ukindu, chini ya dari nyeupe. Nje, kwenye ukuta unaopigwa na jua la alasiri, hunywa joto na kulitoa chumbani usiku. Ukumbini hakifai: umeme ukikatika saa kumi na mbili jioni, watu huanza kupapasa kuta.