Mzigo wa Yen Mia

Wageni wengi wanaotoka Japani hurudi kwao na majani ya chai, kisu kizuri cha jikoni, au kisanduku cha biskuti cha kuwagawia wenzao kazini. Lakini wapo wachache wanaorudi na risiti tu mfukoni, kwa sababu mzigo walionunua hauingii kwenye ndege. Mzigo huo ni mashine ya gemu ya kutumbukiza sarafu, aina iliyokuwa ikijaa kwenye kumbi za michezo za Tokyo na Osaka. Chukua ile iitwayo Astro City, iliyotolewa na Sega mwaka 1993. Ina skrini ya inchi 29, mwili mweupe wa plastiki na chuma, na uzito unaokaribia kilo 100. Wakusanyaji wa Marekani na Ulaya wameibandika jina la utani, kabati la peremende.

Sasa, gemu zenyewe hazina uzito wowote. Nyingi kati ya zile zilizochezwa kwenye masanduku hayo unaweza kuzicheza leo kwenye simu ukiwa ndani ya matatu. Kwa nini basi mtu alipe nauli ya meli, ushuru wa forodha na lori la kumfikishia nyumbani kitu ambacho huenda mlango wa sebule ukakikataa? Jibu limo katika historia ya mashine hizi, na historia hiyo inaanza na mzigo uliosafiri kuelekea upande wa pili.

Mashine za sarafu zilifika Japani kwa wingi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na zilifika pamoja na wanajeshi wa Marekani. Huko Honolulu, mfanyabiashara Martin Bromley na wenzake walikuwa wakiwapelekea wanajeshi mashine za kamari kambini. Mwaka 1951 sheria mpya ya Marekani ilipiga marufuku kusafirisha mashine za kamari kutoka jimbo hadi jimbo, na pia kuziweka kwenye ardhi ya serikali kuu, kambi za jeshi zikiwemo. Bromley aliona kwamba ng'ambo sheria hiyo haikuwa na meno. Akawatuma watu wake wawili, Richard Stewart na Ray Lemaire, wakaanzishe biashara Tokyo. Biashara hiyo iliitwa Service Games, na kwa kuunganisha herufi mbili za mwanzo za kila neno, likapatikana jina Sega. Naam, kampuni ambayo watoto wa dunia nzima waliijua kwa kalunguyeye wa buluu ilianza kwa kuwauzia askari kamari.

Hao hawakuwa peke yao. Michael Kogan, Myahudi aliyezaliwa Odessa na kukulia Harbin, alianzisha Taito mjini Tokyo mwaka 1953, akifanya biashara ya vodka, mashine za kuuzia bidhaa na masanduku ya muziki ya sarafu. David Rosen, Mmarekani aliyekuwa katika jeshi la anga, alirudi Japani mwaka 1954 na kuanzisha kampuni yake. Alifaulu kwanza kwa vibanda vya kupiga picha za vitambulisho, kisha miaka michache baadaye akaanza kuagiza kutoka Marekani mashine za michezo ya kulenga shabaha. Nyingi zilikuwa kuukuu, zimeshachoka kazi kwao, zikiwekwa kwenye meli na kuanza maisha mapya katika nchi nyingine. Mwaka 1965 kampuni ya Rosen na ile iliyotokana na Service Games ziliungana, na Sega Enterprises ikazaliwa.

Mwaka uliofuata Sega ilitengeneza Periscope, mashine ya kurusha makombora kutoka kwenye nyambizi. Haikuwa na skrini. Mchezaji alichungulia kwenye darubini, akaona meli za kadibodi zikivutwa kwa mnyororo, na miale ya taa ikipita kwenye bahari ya plastiki. Ilikuwa kubwa mno. Iliposafirishwa kwenda Marekani, gharama ya usafiri ilikuwa juu kiasi kwamba wenye kumbi hawangeweza kurudisha pesa yao kwa bei ya kawaida ya senti 10. Wakatoza 25. Watu wakalipa, na robo dola ikaendelea kuwa bei ya mchezo mmoja Marekani kwa miaka mingi. Yaani uzito wa sanduku moja kutoka Japani ulichangia kupanga bei ya burudani ya kizazi kizima ng'ambo.

Kisha mwaka 1978 ikaja Space Invaders ya Taito, kazi ya mhandisi Nishikado Tomohiro. Nchini Japani wengi hawakuicheza wakiwa wamesimama. Waliikuta imo ndani ya meza fupi ya kioo kwenye mikahawa, kikombe cha kahawa kikiwa pembeni na maadui wakiteremka chini ya kiwiko. Mikahawa mingine iliondoa meza za kawaida zote, na zikafunguka nyumba ambazo hazikuwa na shughuli nyingine ila mchezo huo. Ilivuma hadithi kwamba sarafu za yen 100 ziliadimika nchini kwa sababu zote zilikuwa matumboni mwa mashine. Hadithi hiyo inasimuliwa hadi leo, na hata kama imetiwa chumvi, inaonyesha jinsi watu wenyewe walivyokiona kile kishindo.

Serikali nayo ilikiona. Sheria ya mwaka 1948 iliyosimamia kumbi za dansi na nyumba za mahjong ilirekebishwa, na kuanzia mwaka 1985 kumbi za gemu zikaingizwa chini yake na kulazimishwa kufunga usiku wa manane. Wakati huohuo watengenezaji walikubaliana juu ya kitu kidogo chenye matokeo makubwa: plagi moja ya pini 56, ijulikanayo kama JAMMA kwa herufi za jina la chama chao. Kabla ya hapo, kubadilisha gemu kungeweza kumaanisha kubadilisha mashine nzima au kumwita fundi aunganishe nyaya upya. Sasa mwenye ukumbi alinunua sanduku mara moja, akawa anachomoa bodi ya gemu ya jana na kuchomeka ya leo. Sanduku likawa fanicha ya kudumu, kama benchi la kanisa. Ndiyo maana Astro City, na Blast City iliyoifuata mwaka 1996, hazina picha za gemu yoyote ubavuni. Zilitengenezwa zimpokee yeyote atakayekuja.

Ukumbi wa Kijapani ulikuwa na desturi zake. Baada ya Street Fighter II ya Capcom kutoka mwaka 1991, mashine zilianza kupangwa mbilimbili, mgongo kwa mgongo, nyaya zikiunganishwa nyuma. Ulikaa kwenye kigoda chako na kupigana na mtu usiyemwona uso. Ungeweza kupigwa mara tano mfululizo na mtoto wa shule au karani aliyevaa tai, na ukaondoka bila kujua alikuwa nani. Kwenye kumbi nyingi kulikuwa na daftari juu ya meza, ambamo wachezaji waliandikiana mbinu, mizaha na salamu. Moshi wa sigara ulitanda, na pembeni mwa vitufe kulikuwa na kisahani cha majivu. Aliyewahi kucheza PlayStation kwenye kibanda cha mtaani Nairobi, akizungukwa na vijana wanaosubiri afungwe wachukue pedi, anaielewa hali hiyo vizuri. Unalipia mchezo, lakini kinachokurudisha kesho ni watu.

Kilichoziua kumbi hizo kwa kiasi kikubwa ni hesabu. Mwaka 1989 Japani ilianzisha kodi ya matumizi ya asilimia 3. Ikapanda hadi 5 mwaka 1997, 8 mwaka 2014, na 10 mwaka 2019. Muuza mkate huongeza bei na kurudisha chenji. Mashine inayokubali sarafu moja ya yen 100 haiwezi kuomba yen 110. Kila kodi ilipopanda, tofauti ilitoka mfukoni mwa mwenye ukumbi, huku gemu za nyumbani na za simu zikimnyang'anya wateja. Kumbi zilizokuwa zaidi ya 26,000 mwaka 1986 zilikuwa zimebaki takriban 4,000 kufikia 2019. Kisha korona ikaja. Mwezi Agosti 2020 Sega ilifunga jengo lake mojawapo maarufu mtaani Akihabara. Mwaka huohuo iliuza sehemu kubwa ya biashara yake ya kumbi kwa kampuni ya Genda, na mwaka 2022 ikauza iliyobaki. Jina la Sega likaanza kuondolewa kwenye milango ya kumbi.

Ukumbi ukifungwa, mashine zinakwenda wapi? Zingine huvunjwa kwa ajili ya vipuri na chuma. Zingine huishia kwa wauzaji wa bidhaa kuukuu, na hapo ndipo mgeni mwenye pesa na upendo huzikuta. Msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa sana biashara ya namna hii. Barabara zetu zimejaa magari yaliyofuata njia hiyohiyo: huko Japani ukaguzi wa lazima wa gari ni ghali na hurudi kila baada ya miaka miwili, kwa hivyo wenyewe huliachilia mapema, likauzwa mnadani na kushushwa Mombasa kabla ya kutimiza miaka minane. Chombo kinachochosha kwao ni kipya kwetu. Tofauti ni kwamba gari letu linakuja kufanya kazi ileile lililoifanya kule.

Kwa mashine ya gemu, safari si mchezo. Mnunuzi mmoja hawezi kujaza kontena, kwa hivyo wakusanyaji huchanga, mmoja akawa kiongozi, na mashine kumi au ishirini zikafungwa kwenye paleti na kukaa baharini kwa wiki kadhaa. Nyingine hufika bila funguo. Umeme wa Japani ni volti 100, kwa hivyo bila transfoma mashine inaweza kuungua siku ya kwanza. Skrini ni za tyubu ya kioo, kama runinga zile za zamani zenye kisogo kirefu, na kampuni zilizokuwa zikizitengeneza zilishaacha zamani. Tyubu ikivunjika njiani, umebaki na sanduku. Hata ikifika salama, inaweza kuhifadhi umeme wa kumrusha fundi asiyejua, ingawa plagi imechomolewa. Na kwa kuwa rangi zake huathiriwa na sumaku ya dunia, tyubu iliyorekebishwa kaskazini inaweza kuonyesha rangi zilizopotoka ikipelekwa Australia.

Hayo yote mtu huyavumilia, na hapo ndipo swali la mwanzo linarudi. Hanunui gemu, kwa maana gemu anayo. Ananunua urefu wa kigoda, mlio wa kitufe, mwanga wa tyubu, na ule uzito wa kitu kilichokaa mahali pamoja kikiguswa na mikono ya maelfu. Mashine nyingi hufika zikiwa zimegeuka manjano kwa jua na moshi, na alama nyeusi pale mtu alipoiweka sigara yake mzunguko wa mwisho ulipopamba moto. Wakusanyaji hubishana kuhusu alama hizo. Kuna wanaopiga msasa na kupaka rangi upya mpaka mashine ionekane imetoka kiwandani jana. Wengine wanasema ukiifuta alama hiyo umefuta kitu cha pekee ambacho usingeweza kukipata bila kwenda Japani.

Lakini hata asiyefuta chochote hawezi kuleta kila kitu. Daftari la salamu halikuwekwa kwenye kontena. Na anayenunua mashine moja tu kati ya zile mbili za mgongo kwa mgongo amenunua nusu ya mazungumzo. Upande wa pili alikokaa yule mtu asiye na uso, sasa kuna ukuta wa gereji.

Isitoshe, kuna lawama isiyokosa ukweli: kila sanduku linaloondoka hupunguza yale machache yaliyobaki kwa Wajapani wenyewe, na bei hupanda. Jibu la wanunuzi pia lina ukweli, kwamba mengi yangekuwa vyuma chakavu. Historia yenyewe haimpi yeyote haki kamili. Mashine za kwanza zilikuja Japani zikiwa kuukuu za Marekani, na hakuna aliyelia zilipoondoka. Wajapani walizichukua, wakazifungua, wakajifunza, kisha wakatengeneza zao zilizowashinda waliowaletea. Mzigo ulizaa kwa sababu ulitumiwa.

Kipimo hicho kinafaa leo pia. Baadhi ya wakusanyaji huanza na mashine moja sebuleni, wakatafuta ya pili ya kuiunganisha nayo, kisha wakagundua kwamba sasa wanahitaji mtu wa kukaa upande ule mwingine. Wanaita majirani. Wengine hukodi chumba, wakafungua mlango Ijumaa jioni, na kuweka bakuli la sarafu za yen 100 juu ya kaunta, kwa sababu mashine haikubali pesa nyingine. Mgeni anaingia, anachukua sarafu isiyonunua chochote katika mji huo, anaitumbukiza, na kutoka upande wa pili asiouona mtu anabonyeza kitufe cha kukubali pambano.