Mizani Kabla ya Jedwali: Hoja Juu ya Misingi ya Kemia

Desturi iliyozoeleka katika kuwafundisha wanaoanza kemia ni kuwapa kwanza majina ya elementi na alama zake, kisha maana ya elementi, kampaundi na mchanganyiko, wakayahifadhi yote kama yalivyo, na burhani zake zikaachwa nyuma au zisiletwe kabisa. Makala haya yanadai kwamba utaratibu huo umepinduka, kwa kuwa fikra hizi tatu zilithibitishwa kwa mizani, na asiyeonyeshwa jinsi zilivyopimwa huyapata maneno akaikosa ilimu. Shahidi wangu ni chokaa, kitu ambacho watu wa pwani yetu wamekichoma na kukijengea kwa karne nyingi, tangu kuta za Husuni Kubwa huko Kilwa hata majumba ya Lamu na Unguja, na ambacho historia ya kemia yenyewe imekitegemea sana.

Jiwe la chokaa, na matumbawe kadhalika, kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kaboneti. Mtu akilisaga likawa unga, unga ule ungali na tabia za jiwe, na lililobadilika ni umbo tu. Walakini akilitia katika tanuu, moto ukakolea hata kufikia kadiri ya nyuzi 900 za sentigredi, kitokacho ni kitu kingine, chepesi kuliko kilichoingia, ambacho kikimwagiwa maji hutoa joto kali na kuvunjikavunjika kuwa unga laini. Gramu 100 za kalsiamu kaboneti safi, zikiiva barabara, hubakisha gramu 56 za chokaa, na mwenye kutazama kwa macho tu hudhani kwamba gramu 44 zimeteketea. Joseph Black wa Uskochi, katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1756, alibainisha kwamba kilichotoka ni hewa iliyokuwa imefungamana na jiwe, ile tuijuayo leo kuwa hewa ya ukaa, na kwamba chokaa ikirudishiwa hewa hiyo hurejea katika hali yake ya awali. Ndivyo itendekavyo ukutani, ambako lipu hukauka kwanza, kisha huzidi ugumu mwaka baada ya mwaka kwa kuivuta hewa ya ukaa na kugeuka tena kalsiamu kaboneti. Maada imehama mahali na kubadili ushirika. Haikuongezeka wala haikupungua.

Kutokana na hapo tofauti ya mchanganyiko na kampaundi huwa dhahiri. Fundi azidishapo mchanga katika chokaa yake, au aupunguzapo, hupata lipu iliyo nzito au nyepesi, imara au dhaifu, lakini lipu ni lipu, kwa sababu mchanganyiko haufungwi na kipimo kimoja. Kalsiamu kaboneti safi, iwe imetoka baharini au mlimani, haikubali hiari hiyo: katika kila gramu 100 daima mna gramu 40 za kalsiamu, 12 za kaboni na 48 za oksijeni. Uthabiti huo wa vipimo, uliotetewa na Joseph Proust mwishoni mwa karne ya 18, ulikuwa miongoni mwa hoja kubwa za nadharia ya atomi aliyoieneza John Dalton katika kitabu chake cha mwaka 1808.

Elementi nayo ina kisa chenye mafunzo zaidi. Antoine Lavoisier wa Ufaransa, katika kitabu chake cha mwaka 1789, aliihesabu kuwa elementi kila maada ambayo uchambuzi haujaweza kuigawa, akaorodhesha 33, na chokaa ilikuwamo. Wala hakuwa mzembe, kwani alishuku kwamba udongo wa namna hiyo huenda ukawa na oksijeni ndani yake. Ila hakuwa na chombo cha kuutengua. Mwaka 1808 Humphry Davy, huko London, alitumia nguvu za umeme akaipata kalsiamu, na chokaa ikaondoka katika daraja ya elementi. Basi orodha ya elementi ni hukumu iliyotolewa kwa ushahidi, na yaweza kurekebishwa kwa ushahidi.

Yamkini mwalimu atasema kwamba muda ni mfupi na mtihani hauulizi habari za Black wala Davy. Udhuru huo una uzito, lakini mwanafunzi aliyeelewa kwamba gramu 100 lazima zionekane upande wa pili kuwa 56 na 44 hatahitaji kulazimishwa kusawazisha milinganyo ya kemia, maana ameshajua kwa nini haina budi kusawazika. Ilhali aliyehifadhi kanuni pasi na sababu husahau yote mawili.

Kwa hiyo nawasihi walimu na watungaji wa vitabu vya kemia watangulize mizani: mwanafunzi apime, achome au ashuhudie mwalimu akichoma, apime tena, aulize kilichopungua kimekwenda wapi, na baada ya hapo ndipo afunguliwe jedwali la elementi.