Wasiwasi, Presha na Tumbo Joto: Maneno ya Mgonjwa Mbele ya Daktari

Mgonjwa wa kisukari anayesubiri majibu ya kipimo cha figo hatamwambia muuguzi kwamba ana ugonjwa wa wasiwasi. Atasema moyo unamwenda mbio, usingizi umempotea, hata chakula hakipiti. Au atasema kwa ufupi: "Nina mawazo." Wengine husema presha imewapanda. Muuguzi husikia neno hilo la mwisho, humfunga kipimo mkononi, husoma namba, huandika, kisha humwita anayefuata. Namba zikiwa nzuri, mgonjwa huambiwa hana presha, naye huondoka na kile kile kilichomleta.

Kitaalamu hali yake ina jina. Kamusi na miongozo ya afya huiita wasiwasi, na inapomkaa mtu muda mrefu hata ikamharibia kazi, usingizi na maelewano na watu, huitwa ugonjwa wa wasiwasi. Neno lenyewe ni kongwe. Limetoka kwenye Kiarabu, ambako asili yake ni mnong'ono, ule uchochezi wa siri ambao sura ya mwisho ya Kurani inafundisha watu kujikinga nao. Huko pwani bado lina maana hiyo ya dini: mtu anayerudia kutia udhu mara kwa mara kwa kudhani kuna kiungo hakikupata maji, husemwa ana wasiwasi. Bara maana imelegea. Mtu huwa na wasiwasi kwamba basi litamwacha, au kwamba mvua itanyesha kabla nguo hazijakauka. Na kuna usemi unaolisifia kabisa: wasiwasi ndiyo akili.

Usemi huo una ukweli wake. Anayehofia sukari kupanda hukumbuka dawa, na mwanamke aliyegusa uvimbe kwenye titi akaingiwa na wasiwasi huenda akapimwa mapema. Lakini neno linalosifiwa kama busara si rahisi kueleweka kama maradhi. Daktari akimwambia mgonjwa "una wasiwasi", mgonjwa husikia mojawapo ya mambo mawili: kwamba hana imani, au kwamba anajisumbua bure. Kwa hiyo istilahi hii haifai kuachwa peke yake. Inahitaji maelezo ya muda na kiasi: umekukaa siku ngapi, unaweza kuuzuia, umekukosesha nini?

Inahitaji pia kutengwa na jirani zake. Hofu huwa na kitu kilicho mbele ya macho, kama sindano au mkasi wa daktari. Wasiwasi hukimbilia yasiyofika: itakuwaje majibu yakija mabaya, nani atawasomesha watoto. Msongo wa mawazo ni uzito wa mambo yanayomlemea mtu kwa wakati mmoja. Sonona ni huzuni na kukosa hamu kunakodumu, na mara nyingi huja pamoja na wasiwasi kwa mtu yule yule.

Kwa mtu asiye na maradhi ya mwili, kutenganisha huku kunatosha. Kwa aliye mgonjwa, kazi ndiyo kwanza inaanza.

Mtu anapoingiwa na wasiwasi, tezi zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini. Moyo hudunda kwa kasi, viganja hutoa jasho, mikono hutetemeka, tumbo huvurugika. Sasa mgonjwa wa kisukari ambaye sukari yake imeshuka hupata nini? Moyo kudunda, jasho, kutetemeka. Mwenye pumu aliyetoka kuvuta salbutamol huweza kutetemeka mikono na moyo kumwenda mbio kwa sababu ya dawa yenyewe. Tezi ya shingoni inapofanya kazi kupita kiasi huleta dalili zilezile. Na waliotumia efavirenz, dawa iliyokuwamo kwa miaka mingi katika matibabu ya Virusi vya Ukimwi, wanazijua ndoto zake za kutisha. Baadhi yao iliwaletea hata wasiwasi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dolutegravir badala yake kuwa dawa ya kwanza kuchaguliwa. Dalili moja, basi, huweza kuwa ya ugonjwa, ya dawa, au ya wasiwasi, na huweza kuwa ya vyote vitatu.

Waingereza wawili, Anthony Zigmond na Philip Snaith, walilikabili tatizo hilo mwaka 1983. Walitunga dodoso la maswali 14 kwa ajili ya wagonjwa wa hospitalini, saba ya wasiwasi na saba ya sonona, wakaacha kwa makusudi dalili nyingi za mwili ambazo ugonjwa wenyewe ungeweza kuzileta. Hawakumwuliza mgonjwa kama amechoka au amepungua uzito. Walimwuliza kama anaweza kuketi akatulia. Ulikuwa uamuzi wa hekima. Hata hivyo, katika swali mojawapo walitumia picha ya Kiingereza: vipepeo tumboni. Mwingereza huielewa mara moja. Mwambie mama wa Tandahimba kwamba ana vipepeo tumboni, naye atauliza ni minyoo ya aina gani.

Kiswahili hakihitaji kuazima hapo. Kina tumbo joto. Magazeti hulitumia kila baraza la mawaziri linapokaribia kubadilishwa, na wazazi huwa matumbo joto matokeo ya mitihani yanapokaribia kutangazwa. Ni tumbo lile lile, ni kusubiri kule kule, na hakuna msemaji wa Kiswahili anayehitaji kufafanuliwa. Mfasiri anayeliacha neno hili akatafuta maneno ya kitabuni anamnyima mgonjwa swali ambalo angelijibu bila kusita.

Dodoso la wasiwasi linalotumika sana siku hizi ni GAD-7, lililotolewa mwaka 2006 na Robert Spitzer na wenzake. Lina maswali saba kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3, jumla 21. Anayefikia 10 huhitaji kuchunguzwa zaidi. Lipo kwa Kiswahili, na mwaka 2020 watafiti wa Kilifi, Kenya, walichapisha matokeo ya kulijaribu kwa watu wazima wanaoishi na Virusi vya Ukimwi, wakaona linaaminika. Hiyo ni kazi ya maana sana, kwa kuwa tafsiri iliyo sahihi kwenye karatasi bado yaweza kupotea masikioni mwa mgonjwa.

Zimbabwe walianzia upande wa pili. Katika miaka ya 1990 Vikram Patel na wenzake waliunda dodoso la Kishona kutokana na maneno ya wagonjwa wenyewe. Neno lililotawala lilikuwa kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, ndugu wa damu wa "nina mawazo" ya Mswahili. Mwaka 2013 neno hilo liliingia kwenye mwongozo wa uainishaji wa magonjwa ya akili wa Marekani. Kabla ya hapo, mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda alikuwa ameanzisha huko Harare benchi ambapo bibi waliofunzwa huketi na watu nje ya kliniki na kuwasaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine. Utafiti wa watu 573, ambao zaidi ya asilimia 40 walikuwa na Virusi vya Ukimwi, ulichapishwa mwaka 2016: waliopitia benchi walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Mpango huo umefika hadi Zanzibar.

Neno wasiwasi libaki kuwa istilahi. Linajulikana kutoka Lamu hadi Bujumbura, na jipya lingehitaji miaka kukubalika. Ila maswali ya kliniki yaulizwe kwa mawazo, kwa tumbo joto, kwa roho kuwa juu. Anayelalamikia presha apimwe, kisha aulizwe swali la pili: ya damu, au ya moyoni? Wahudumu nao waangalie namna wanavyotumia "afya ya akili". Mtu aliyekuja kutibiwa saratani akiambiwa ghafla aende kitengo cha akili, anachokisikia ni Mirembe au Mathari, hospitali za wagonjwa wa akili, na huenda asirudi.

Wewe unayehudhuria kliniki kwa maradhi ya muda mrefu, au unayemuuguza mtu nyumbani: mawazo yakikukaa wiki mbili, usiku hulali na mchana hutulii, mweleze daktari hivyo hivyo kwa maneno yako. Mtajie na dawa zote unazotumia. Wasiwasi hutibika, kwa mazungumzo na mshauri aliyefunzwa, na pale inapobidi kwa dawa.