Utabiri wa Bingwa na Mara Nane Ulipokosea

Kila ifikapo Julai, kabla hata ratiba ya ligi haijatoka, swali hunifuata darasani, kwenye foleni ya benki na penye chai ya saa nne: "Mwalimu, msimu huu nani bingwa?" Mwaka huu swali limenijia na uchungu wa ziada. Kijana mmoja wa mwaka wa pili alikuja ofisini kuniomba nimwongezee muda wa kuwasilisha kazi yake. Baada ya kuzunguka sana alikiri kwamba fedha yake ya kujikimu ilikuwa imeteketea kwenye mikeka, na kwamba alikuwa na hakika ya kuirudisha msimu mpya utakapoanza, kwa kuwa "safari hii ninazijua timu". Nilimpa muda aliouomba. Nilimwahidi pia kumwandikia historia ya utabiri wake, na ahadi ni deni.

Tangu ligi ya taifa ianze mwaka 1965, ubingwa wa Tanzania Bara umetoka nje ya Simba na Yanga mara 8 tu. Cosmopolitan waliutwaa 1967, Mseto ya Morogoro 1975, Pan African 1982, Tukuyu Stars 1986, Coastal Union ya Tanga 1988, Mtibwa Sugar 1999 na 2000, na Azam msimu wa 2013/14. (Ligi ya Muungano, iliyozikutanisha timu za Bara na Zanzibar, ina hadithi yake, humo Malindi ya Unguja na Majimaji ya Songea waliwahi kuonja ubingwa.) Miaka mingine yote, kombe limekwenda Jangwani au Msimbazi, mitaa miwili ambayo mtu huitembelea yote kwa miguu kabla chai yake haijapoa. Simba wenyewe walizaliwa 1936 kwa kujimega kutoka Yanga iliyoanzishwa 1935, wakapitia majina kadhaa, likiwamo Sunderland, hadi walipoitwa Simba mwaka 1971. Hata Pan African ilitokana na mpasuko ndani ya Yanga katika miaka ya 1970. Kwa maneno mengine, mojawapo ya zile mara 8 ni ugomvi wa nyumba ileile.

Kwa hiyo anayetabiri kwamba bingwa atakuwa Simba au Yanga hatabiri kitu. Kampuni ya kubeti nayo imesoma historia hiyohiyo, ndiyo maana ujira wake kwa jibu hilo ni kiduchu. Inapomtoa mtu jasho ni kwenye mechi ndogondogo za katikati ya wiki, ambako hakuna historia ya kumwongoza.

Zile mara zilizobaki ndizo zinazostahili kufikiriwa, na kati yake hakuna inayonisumbua kama Tukuyu. Mji mdogo wa Rungwe, wenye mvua, migomba na chai, ulipandisha timu yake ligi kuu na kutwaa ubingwa katika msimu wake wa kwanza, 1986. Mwaka uliofuata timu ikashuka daraja. Wengi husimulia kisa hiki kama kioja. Mimi nakiona kama kisa cha kawaida kabisa cha mkoa kulea na jiji kuvuna: wachezaji waling'ara, klabu za Dar es Salaam zikawachukua, na Tukuyu haikuwa na fedha ya kuwazuia wala ya kuwapata wengine.

Mwaka huohuo wa 1986, mwezi Agosti, Serikali ilitia saini makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa baada ya miaka ya mvutano. Wanafunzi wangu wa historia ya uchumi huijua tarehe hiyo kwa ajili ya mtihani, lakini hawajaambiwa kwamba iliamua pia msimamo wa ligi. Tazameni majina ya timu zilizowahi kuzitoa jasho Simba na Yanga: Pamba ya Mwanza, Reli ya Morogoro, Ushirika ya Moshi, Sigara ya Dar es Salaam. Timu zilibeba majina ya uchumi wenyewe: zao, njia ya usafiri, chama cha wakulima, kiwanda. Mchezaji aliajiriwa, akalipwa mshahara, pengine akapewa nyumba, na jioni akaenda mazoezini. Alikuwa na sababu ya kubaki Mwanza. Miaka ya 1990 mashirika yalipouzwa, kupunguza wafanyakazi au kufa kabisa, timu zilikuwa miongoni mwa mizigo ya kwanza kutupwa. Mtibwa, iliyosimama juu ya kiwanda cha sukari kule Turiani, ilitwaa ubingwa mara mbili mfululizo wakati wenzake wa aina hiyo wakizama. Tangu 2000 hakuna timu ya nje ya Dar es Salaam iliyochukua ubingwa huo. Robo karne.

Msomaji ataniuliza: basi si fedha tu? Hapana, na Azam ndio ushahidi. Wana tajiri, wana uwanja wao Chamazi, wana malezi ya vijana. Walitwaa ubingwa wa 2013/14 bila kupoteza mchezo hata mmoja. Hadi leo hawajaurudia. Kinachowapungukia hakinunuliwi dukani: matawi ya wanachama katika kila wilaya, na wazee waliowarithisha wajukuu rangi. Tajiri wa Simba na mfadhili wa Yanga wanakwenda ulipo umma huo, kwa sababu hapo ndipo kuna wanunuzi. Nimewahi kukaa jukwaani Mbeya siku ambayo Yanga walikuwa wageni. Uwanja ulikuwa kijani na njano, na wenyeji walizomewa kwao. Nilimtafuta karibu yangu mtu aliyeikumbuka Tukuyu kwa fahari. Nilimpata mmoja, naye alikuwa amevaa jezi ya Yanga.

Ndugu zangu watumishi wa umma wana sehemu yao katika hadithi hii. Shirika la umma liliondoka mlangoni, likarudi dirishani kwa sura ya halmashauri na majeshi. KMC ni ya Manispaa ya Kinondoni, Dodoma Jiji jina lake linajieleza, Pamba imerejea ligi kuu mwaka 2024 ikiitwa Pamba Jiji, na JKT, Prisons na Mashujaa zina wenye vyeo nyuma yake. Sisemi ni kosa. Mchezaji anayelipwa kwa wakati ni jambo jema. Lakini fedha ya halmashauri ni ushuru wa mama muuza mchicha, na sijaona baraza la madiwani likimwonyesha mwananchi kifungu kinachosema timu ni ya nani, inagharimu kiasi gani, na ikishuka daraja nani atajibu. Tofauti na enzi za Pamba ya kwanza, hakuna zao wala kiwanda kinachoibeba. Ipo bajeti, na bajeti hubadilika akibadilika mkurugenzi.

Basi utabiri wangu kwa msimu wa 2025/26. Bingwa atakuwa Yanga au Simba. Yanga wana mataji manne mfululizo, na lile la mwisho liliamuliwa Juni 25 kwa mchezo wao na Simba ulioahirishwa tangu Machi. Simba nao wametoka kucheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, kwa hiyo pengo ni dogo. Nafasi ya tatu naiweka Azam. Kuanzia ya tano kushuka sithubutu kusema, maana huko timu inaweza kuuzwa na kuhama mkoa kati ya msimu mmoja na mwingine, kama Ihefu ya Mbarali ilivyogeuka kuwa Singida Black Stars.

Kijana wangu amewasilisha kazi yake jana. Ameandika kuhusu vyama vya ushirika vya Kilimanjaro, na hakuitaja timu ya Ushirika hata mara moja. Nimemrudishia aongeze ukurasa.