Kisima cha Wake Wawili Pujini

Mgeni wa siku moja anayeshuka melini Mkoani hufika Chake Chake, akanunua kanga na mafuta ya makonyo. Mikarafuu hiyo si ya kale sana kwetu: ililetwa visiwani karne ya 19, na kimbunga cha 1872 kilipoiangusha ya Unguja, Pemba ndiyo ikawa shamba kuu.

Pujini ni kongwe zaidi. Kusini-mashariki ya Chake, karibu na mikoko, yapo magofu ya boma la Mkama Ndume, mtawala wa karne ya 15. Jina lake ni mkamuaji wanaume. Husimuliwa kwamba aliwabebesha watu mawe ya kujengea huku wakijikokota kwa makalio.

Ndani ya boma mna kisima. Wazee husema alikuwa na wake wawili wenye wivu, akakigawa kwa ukuta wasionane: mmoja akateremka kwa ngazi, mwenzake akateka kwa ndoo na kamba. Wageni hucheka. Mimi, kusema kweli, hainichekeshi. Kisa kinawapa wanawake wivu, kinampa mume busara. Lakini mmoja kapewa ngazi na mwingine kamba! Uadilifu baina ya wake umetajwa waziwazi katika Sura ya An-Nisaa. Bi harusi unayeingia ukewenza, sikiliza kisa hiki kwa makini: jina la mume tunalo, ya wake zake hayatajwi.