Mwenyeji, mgeni na jembe

Kijana wa Mwanga, mjini Kigoma, anayetumia Linux lakini anataka gemu za Windows, huendesha kompyuta pepe ndani ya kompyuta yake. Ile halisi tunaiita mwenyeji, ile pepe mgeni. Ujiji, mji jirani uliopokea misafara mingi na uliowakutanisha Stanley na Livingstone mwaka 1871, unajua uzito wa maneno hayo. Ndani ya "mwenyeji" mna "mwenye": ndiye aliyeshika mali.

Hapo ndipo gemu hukwama. Picha za mgeni zitasuasua mpaka apewe kadi ya grafiki. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini jembe moja, yaani kadi moja, halishikwi na wawili. Washa kwanza kwenye BIOS IOMMU, inayotenga vifaa kwa makundi, kisha hakikisha mwenyeji ameiachia kadi kwa draiva ya vfio-pci, inayoishikilia kwa ajili ya mgeni, pamoja na vifaa vya kundi lake, kama ile sehemu ya sauti ya HDMI.

Wengi husema "kupitisha" kifaa. Napendekeza "kukabidhi". Kinachopitishwa hupita tu. Kinachokabidhiwa, mmoja amekiachia na mwingine amekipokea.