Filamu Fupi Kutoka Nchi ya Shaba

Enzi ya Wabelgiji, sinema ya Katanga, mkoa wa shaba kusini mwa Kongo, ilikuwa mikononi mwa kompani na mapadri. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa 1906, iliwaonyesha wafanyakazi wake filamu kambini, tena filamu zilizokwisha kuchujwa. Mchimbaji alitazama, pengine alipigwa picha, lakini kamera haikuwa yake. Hata baada ya kompani kutaifishwa 1967 na hatimaye kugeuka Gécamines, habari za shaba ziliendelea kusimuliwa zaidi na wageni. Mwaka 2009, Tenke Fungurume Mining ilipoanza kuzalisha shaba pale Fungurume, kati ya Likasi na Kolwezi, Mbelgiji Thierry Michel alitoa Katanga Business, filamu ndefu kuhusu wawekezaji, wachimbaji wa mikono na gavana Moïse Katumbi. Ni kazi ya maana, ila imetazama kutoka juu.

Sammy Baloji, mpiga picha mzaliwa wa Lubumbashi, alikuwa amekwisha kushika njia nyingine. Katika video yake Mémoire ya 2006, mcheza dansi Faustin Linyekula anacheza ndani ya magofu ya viwanda vya Gécamines huku hotuba za zamani zikimpitia masikioni. Nani angekata tiketi ya sinema kuona hayo? Baloji hakungoja jibu. Picha zake za mfululizo huohuo zilipata tuzo kwenye maonyesho ya picha ya Bamako 2007, na mwaka uliofuata yeye na wenzake wakaanzisha Picha, tamasha la Lubumbashi ambalo leo ni bienale ya jiji. Kwa maoni yangu, hiyo bienale imewafaa watengenezaji wa filamu fupi kuliko msambazaji yeyote: imewapa mahali pa kuanzia nyumbani, na wageni wenye uwezo wa kuwaalika kwingine.

Tunda lake mojawapo ni Machini (2019), katuni ya dakika kama kumi ya Frank Mukunday na Tétshim. Watu wake ni mawe. Kokoto moja ni kichwa, nyingine kiwiliwili. Chaki inachora mji na mitambo inayoutafuna. Jiwe linasogezwa kidogo, linapigwa picha, linasogezwa tena, na sekunde moja ya mwendo hula picha kadhaa za namna hiyo. Malighafi imetoka ardhini bila leseni ya uchimbaji! Fedha ndiyo ilihitaji mshirika wa Ubelgiji, na tangu hapo filamu ikapita tamasha hadi tamasha, ikionyeshwa pamoja na nyingine fupi, maana dakika kumi pekee hazijazi ukumbi.

Mbali na Katanga, huko Goma mashariki mwa Kongo, mtengenezaji filamu Petna Ndaliko Katondolo alijenga njia yake mwenyewe kupitia kituo cha sanaa cha Yole!Africa na tamasha la filamu la Salaam Kivu, na Kapita (2020) yake inachokonoa kumbukumbu za kikoloni za uchimbaji.

Baloji alifikia filamu ndefu mwaka 2025 tu. L'Arbre de l'authenticité ilipata tuzo maalumu ya majaji kwenye tamasha la filamu la Rotterdam, na safari hii aliiacha shaba, akaenda kwenye msitu wa Yangambi.